Kuokota na Kuchanja Kuni kwa ajili ya Mazoezi: Mwongozo kutoka Lushoto

Mwongozo huu ni kwa mtu ambaye hategemei kuni ili apate chakula. Ana mtungi wa gesi jikoni, kazi yake ni ya kuketi tangu asubuhi hadi jioni, na kiuno chake kimeanza kumsumbua. Lakini anaishi mahali penye baridi na miti, kama hapa Lushoto, ambako usiku wa Juni na Julai hakuna anayeona haya kuota moto. Mimi ni mmoja wa watu hao. Nilianza kuokota kuni baada ya daktari kunishauri nitafute mazoezi nitakayoyapenda, na siku ya kwanza nilipopita njiani na gogo la muwati begani, bibi mmoja jirani aliipokea shikamoo yangu, akalitazama gogo, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, gesi imekuishia?" Sikuwa na jibu la maana. Kwake yeye na kwa wanawake wengi wa milima hii kuni ni kazi isiyo na likizo, na mtu anayezigeuza kuwa burudani hana budi kujua ni wapi apeleke mkono na ni wapi asipeleke. Nitalirudia jambo hilo katika hatua ya kwanza.

Lingine ninalotaka lieleweke mapema ni kwamba kuchanja kuni si kazi ya nguvu kama wengi wanavyodhani. Kijana mwenye mabega mapana asiyejua kulisoma gogo huishiwa pumzi ndani ya robo saa huku shoka limenasa, ilhali mzee aliyekonda anayelijua gogo huendelea taratibu hadi jua lichwe. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya maelezo yafuatayo inahusu kutazama kabla ya kupiga.

Hatua ya kwanza: kujua ni kuni zipi unazoweza kuchukua

Kabla hujanunua shoka, tafuta mahali utakapopata kuni bila kugombana na mtu wala na serikali. Nchini Tanzania, Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inazihesabu kuni kuwa miongoni mwa mazao ya misitu, na kuyatoa mazao hayo katika msitu wa hifadhi bila kibali ni kosa, hata kama tawi limeanguka lenyewe. Kwa sisi wa Lushoto hilo linagusa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba na vilevile Shamba la Miti la Shume, ambako kote msimamizi ni Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Ukitaka kusafirisha kuni kwa gari, uliza kwanza ofisi ya misitu ya wilaya kuhusu hati ya kusafirishia mazao ya misitu, kwa sababu walio kwenye kizuizi cha barabarani hawatasikiliza habari za mazoezi yako. Msomaji wa Kenya aanzie kwa Shirika la Misitu la nchi hiyo (KFS), linaloshirikiana na vyama vya wanajamii wanaopakana na misitu chini ya sheria ya mwaka 2016.

Ushauri wangu ni kwamba mwenye kufanya kwa burudani asiingie msituni kabisa, kwa sababu nje ya msitu kuna kuni nyingi kuliko anazoweza kuchanja. Waliopogoa miparachichi na migrevilea shambani huacha matawi makubwa pembeni ya matuta. Wanaofyeka chini ya nyaya za umeme huacha magogo kando ya barabara, na mara nyingi mwenye eneo hufurahi akipata mtu wa kuyaondoa. Viwanda vidogo vya kupasulia mbao hubaki na mabanzi, yaani zile pande za nje za gogo zenye gome upande mmoja, na huyauza kwa bei ndogo au huyatoa bure mvua inapokaribia. Penye ujenzi uliokwisha, mirunda iliyoshikilia zege huwa imelundikwa ikisubiri kuchomwa. Kila mahali omba ruhusa kwa mwenyewe, ana kwa ana, na ukipewa usichukue zaidi ya ulichoonyeshwa.

Sasa nirudi kwa yule bibi. Vijiti vikavu vinavyovunjika kwa mkono, vilivyo kando ya njia za miguu, ndivyo vinavyokusanywa na wasio na shoka wala msumeno, hasa wanawake na watoto wanaotoka shule. Hivyo usiviguse. Wewe chukua magogo mazito, yenye vifundo na mapacha ya matawi, ambayo yamelala mahali pamoja miaka miwili kwa sababu hakuna aliyepata muda wa kuhangaika nayo. Hiyo ndiyo haki, na bahati njema ni kwamba hayo ndiyo magogo yenye mazoezi ndani yake. Kijiti hakijawahi kumtoa mtu jasho. Tangu nianze kufuata utaratibu huo, magogo ninayoyachanja nikayaona yamezidi mahitaji yangu huenda kwa bibi yuleyule, na swali la gesi halijarudi.

Katika nchi ya miteremko kama hii kuna katazo la ziada. Kisiki kilicho ukingoni mwa tuta usiking'oe, hata kama kimekufa, kwa kuwa mizizi yake bado inashika udongo, na masika moja ya Aprili yanatosha kuliteremsha tuta zima hadi bondeni. Kisiki cha mkaratusi kinachochipua nacho hakijafa. Machipukizi yale ndiyo nguzo za mwenye shamba za miaka ijayo.

Vipo pia vitu ambavyo havifai kuwa kuni. Nguzo na mirunda iliyotiwa dawa, ambayo mara nyingi huwa na rangi ya kijani kibichi au weusi wa lami, usiichome hata kipande kidogo, maana dawa za kijani za aina hiyo mara nyingi huwa na shaba, kromiamu na aseniki, na sumu hiyo hubaki kwenye majivu na nyingine hutoka na moshi. Mbao zilizopakwa rangi na vipande vya plaiwudi viache pia. Mnyaa unaopandwa kwa ua una utomvu mweupe unaoweza kuharibu jicho, na oleanda ni sumu kuanzia jani hadi mzizi. Mgrevilea ni kuni nzuri, lakini vumbi lake huwawasha baadhi ya watu ngozi. Mimi mwenyewe niliwashwa shingo siku mbili kabla sijajifunza kuvaa shati lenye kola.

Hatua ya pili: vifaa

Unahitaji vitu vichache. Kwanza ni shoka la kuchanjia, lenye kichwa kinene cha umbo la kabari na uzito wa kati ya kilo 2 na 3. Wengi wetu tumekulia kwenye shoka la kienyeji, lile ambalo mkia wake wa chuma umechomekwa katika tundu la rungu la mpini, na kila unapopiga mkia unazidi kujikaza. Ni chombo chepesi na chenye akili nyingi ndani yake, na kwa kukata matawi sijaona linalolishinda. Lakini bapa lake ni jembamba, hivyo katika kuchanja gogo nene huzama na kunasa badala ya kulitanua gogo. Kwa hiyo ukiwa na uwezo, kuwa na yote mawili.

Pili ni msumeno wa upinde wenye bapa la sentimita 75 hivi. Tatu ni kabari mbili za chuma na nyundo kubwa ya kuvunjia mawe, kwa ajili ya magogo yaliyolishinda shoka. Nne ni tupa ya kunolea. Ongeza miwani ya kukinga macho, buti ngumu, na tairi kuukuu la gari, ambalo kazi yake nitaieleza. Msumeno wa mnyororo siuzungumzii. Hufupisha kazi, na sisi hatukuja kuifupisha.

Angalia mpini kila siku kabla ya kuanza. Shika shoka kichwa kikiwa juu, ligonge kidogo chini kwa kitako cha mpini, uone kama kichwa kinacheza. Kikicheza, gongomelea kabari mpya ya mti mgumu katika ufa wa juu wa mpini. Wapo wanaolitumbukiza shoka kwenye ndoo ya maji usiku kucha ili mti uvimbe. Asubuhi shoka huwa limekaza, lakini mti ukikauka hunywea kuliko ulivyokuwa mwanzo, na kichwa huchomoka wakati ambao hukutarajia. Mpini ukipasuka, wa mpera ni mbadala mzuri ukiuchonga kutoka kwenye tawi lililonyooka na kuuacha ukauke kivulini kabla ya kuutia.

Kwa makali, lielekeze shoka kwenye jua na uyatazame kwa mbele. Ukiona uzi mwembamba wa nuru unameta juu ya makali, hapo pamekufa. Makali mazima hayarudishi nuru. Lipitishie tupa kwa kusukuma upande mmoja tu, bila kurudi nyuma juu ya chuma, idadi sawa kila upande. Msumeno nao hujieleza wenyewe kwa unga wake: ukitoa vinyweleo vilivyojikunja, meno yako mazima, na ukitoa vumbi kama unga wa sembe, umekuwa butu na wewe ndiye unayefanya kazi ya meno.

Hatua ya tatu: kukata vipande

Pima kwanza mahali kuni zitakapowaka. Kwa meko yangu ya kuotea moto urefu wa sentimita 35 unatosha, nami nina kijiti cha kipimo nilichokifunga kwenye msumeno kwa uzi. Kuni zenye urefu mmoja hukaa vizuri katika mpango, na zile za urefu wowote huanguka usiku wa manane na kuamsha mbwa wa mtaa mzima.

Kabla ya kuligusa gogo lililolala, lizungukie. Tazama matundu ya nyuki na nyigu, na njia za siafu. Kisha simama upande mmoja, ulivute kwa kulibingirisha kuelekea kwako kwa mti mrefu, ili kama kuna nyoka chini yake, upande unaofunguka uwe ule wa mbali nawe na gogo libaki kati yenu. Gogo lililoning'inia juu ya mti mwingine usiliguse kamwe. Hilo ni la watu wenye kamba na uzoefu.

Mara nyingi kinachounasa msumeno ni uzito wa gogo lenyewe. Gogo lililoshikiliwa ncha zote mbili huku katikati pakiwa wazi hutaka kupinda kuelekea chini, kwa hiyo nyuzi za mti za juu hubanana na za chini huvutika. Ukianza kukata kutoka juu na kwenda moja kwa moja, mkato utajifunga na kulibana bapa la msumeno wako kama mlango wa chuma. Kata theluthi moja kutoka juu, kisha malizia kutoka chini. Gogo lililoshikiliwa upande mmoja, na upande mwingine ukining'inia, huwa kinyume chake: anza kwa theluthi moja kutoka chini, kisha malizia kutoka juu. Kwa matawi yaliyopinda kama upinde, usisimame hata siku moja upande wa ndani wa mkunjo wala upande wa nje. Kaa pembeni, ukate kidogo kidogo uone tawi linaelekea wapi.

Vuta msumeno kwa mwendo mrefu, kuanzia meno ya kwanza hadi ya mwisho, bila kuukandamiza. Badilisha mkono kila baada ya kipande kimoja. Mkono wa kushoto utakuwa mjinga kwa wiki tatu hivi, kisha utajifunza, na hapo mgongo utakaa sawa badala ya kujengeka upande mmoja.

Hatua ya nne: kuchanja

Tafuta kigogo kipana cha kuchanjia, kisichozidi urefu wa goti lako, ukikaze juu ya ardhi tambarare isiyo na utelezi. Watoto, mbuzi na wapita njia wakae mbali, angalau hatua sita. Kipande unachotaka kukichanja kisimamishe upande wa mbali wa kigogo, si katikati wala karibu nawe, ili shoka likipungukiwa lipige kigogo, lisije likapiga mguu.

Kisha simama uliangalie gogo. Hapa ndipo penye maarifa yote. Juu ya uso wa mkato utaona nyufa nyembamba zinazoanzia moyoni na kwenda nje. Mti umekwisha kukuonyesha unakotaka kupasukia, nawe huna sababu ya kuubishia. Elekeza makali kwenye ufa mrefu kuliko yote. Kama kuna kifundo, kiache kielekee chini, na mstari wa pigo lako upite kando yake au upite katikati yake sawasawa, lakini usipite nusunusu. Kwenye gogo nene lisilo na nyufa usianzie moyoni. Bandua pembeni kwa pembeni, vipande vyembamba vinavyofuata duara, kama mtu anayemenya nanasi, hadi moyo ubaki peke yake.

Panua miguu kwa upana wa mabega. Nyoosha mikono mpaka makali yaguse katikati ya gogo, kisha rudi nyuma kidogo. Hapo ndipo pa kusimama. Mkono wa chini ushike mwisho wa mpini usiachie, na wa juu uwe karibu na kichwa cha shoka wakati wa kuinua, kisha uteleze kuelekea mkono wa chini shoka linaposhuka. Usilirushe shoka kwa mabega. Liinue taratibu hadi juu ya kichwa, na linapoanza kushuka kunja magoti, ushushe kiuno pamoja nalo huku ukitoa pumzi. Kukunja magoti kuna faida mbili: uzito wa mwili wote huingia katika pigo, na shoka hufika likiwa limeshuka wima, hivyo likikosea litaishia ardhini badala ya kuzunguka kuja kwenye muundi wa mguu. Macho yasitoke kwenye ufa ulioukusudia. Na lengo la pigo lisiwe uso wa gogo. Lenga kitako chake, kana kwamba uso haupo.

Shoka likinasa, usilitikise kushoto na kulia, utavunja mpini. Gonga mwisho wa mpini kwa kiganja kutoka juu, nalo litainua pua na kuachia. Likikataa na gogo ni dogo, inua vyote pamoja, vigeuze, kisogo cha shoka kikutane na kigogo, na gogo litajipasua kwa uzito wake. Gogo likiwa kubwa, chukua kabari, uichomeke katika ufa uliokwisha funguka, uigonge kwa nyundo. Usikigonge kisogo cha shoka kwa nyundo kwa tamaa ya kulifanya shoka kuwa kabari. Chuma kikigongana na chuma ambacho hakikuundwa kwa kazi hiyo huruka chembe, na chembe hiyo haina breki.

Tairi lile kuukuu liweke juu ya kigogo na usimamishe vipande viwili au vitatu ndani yake. Unapochanja, vipande vilivyopasuka hubaki vimesimama ndani ya tairi badala ya kurukia bondeni, nawe huhitaji kuinama kila pigo. Kiuno changu kilipona kwa kiasi kikubwa siku niliyopata tairi, maana kuinama kuokota vipande mara mia kulikuwa kunaniumiza kuliko shoka lenyewe.

Kila mti una tabia yake, na wachache ninaowafahamu kwa mikono yangu ni hawa. Muwati hupasuka kwa utii, kwa sauti kavu ya kupendeza, na moto wake ni wa makaa mazito. Mti huu ulienea katika nyanda zetu za juu kwa sababu ya gome lake lenye tanini ya kulainishia ngozi, na mashamba makubwa ya Njombe yalianzishwa mwaka 1949 kwa ajili hiyo, kuni zikiwa faida ya pembeni. Mapaini hupasuka kwa urahisi lakini utomvu wake huleta masizi kwenye bomba la moshi, kwa hiyo mimi huyafanya vibanzi vya kuwashia tu. Misaiprasi hurusha cheche, na mkeka ulio karibu na meko hautadumu. Mparachichi ni mwepesi, hukauka upesi, huoza upesi, na huungua upesi. Ni kuni za mtu mwenye haraka.

Mkaratusi unahitaji maneno yake peke yake. Uliletwa Kenya mwaka 1902 ili ulishe injini za reli, nao kwa kuwaka haujambo hata leo, ila nyuzi zake mara nyingi hujisokota kama kamba kadiri unavyopanda juu. Mti mwingine wowote unaweza kuuacha ukauke kidogo ndipo uuchanje, lakini mkaratusi uchanje ukiwa mbichi, siku ileile ulipokatwa au wiki ileile, na kwa kubandua pembeni. Nilipata mara moja gogo la mkaratusi lililokaa juani mwaka mzima, nikadhani nimebahatika. Pigo la kwanza shoka lilidunda na kurudi juu kama lililogonga jiwe la kusagia, mikono ikafa ganzi hadi kwenye viwiko. Gogo hilo liko nyuma ya nyumba mpaka leo, na wageni hulikalia.

Hatua ya tano: kiasi cha kufanya

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya nguvu ya wastani, pamoja na kazi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Kuokota, kubeba, kukata kwa msumeno na kuchanja hutosheleza yote mawili kwa pamoja. Mimi huchanja Jumatano jioni na Jumamosi asubuhi, dakika 40 kila mara, na Jumapili alasiri huzunguka kutafuta magogo kwa miguu, kupanda na kushuka, mwendo ambao katika milima ya Usambara haukosi kumtoa mtu jasho.

Anayeanza asifikishe dakika 40. Achanje dakika 10, apumzike kwa kupanga vipande, achanje tena dakika 10, aishie hapo, na kesho yake asishike shoka hata kama anajisikia vizuri, kwa sababu maumivu ya viganja na mgongo wa juu hufika siku ya pili. Fanya mzaha na kila kitu isipokuwa uchovu: pigo linalokosea huja mwishoni, wakati mtu anasema "hiki kimoja tu." Mimi nimejiwekea sharti kwamba pigo likikosea gogo mara mbili mfululizo, shoka linakwenda ndani. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au ngiri amwone daktari kwanza.

Katika kubeba, mzigo usizidi robo ya uzito wako mpaka mwili uzoee. Fundisho langu la kubeba nimelipata kwa akina mama wa hapa: tita lifungwe sehemu mbili, si katikati peke yake, kata ya kichwani iwe nene, na unapolitua uchuchumae badala ya kuinama.

Hatua ya sita: kukausha

Kuni mbichi zinaweza kuwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Moto hauwezi kukupa joto kabla ya kuyachemsha maji hayo na kuyatoa yawe mvuke, ndiyo maana mbichi hutoa moshi mwingi na joto haba. Lengo ni kuyashusha maji hadi chini ya sehemu ya tano ya uzito.

Tandika mirunda miwili sambamba juu ya mawe, ili kuni zisiguse ardhi, kwani mchwa wa Lushoto hawana adabu ya kusubiri. Panga safu moja, na kila mwisho wa safu ujenge nguzo kwa kukingamisha vipande, viwili huku na viwili kule, ili zisihitaji kuegemezwa. Zisipite kifua chako kwa urefu. Vipande vya safu ya juu vigeuze gome liangalie mbinguni, kisha weka bati juu lililolemewa na mawe, na pande zote ziache wazi upepo upite. Wanaozifunika kwa turubai hadi chini wanaotesha uyoga. Kwenye nyumba za zamani kuni zilikaa juu ya uchaga ulio juu ya mafiga, zikikaushwa na moto wa zile zilizotangulia, na sijaona utaratibu bora kwa anayepika kwa kuni kila siku.

Muda wa kukausha usiukisie, upime. Chagua kipande kimoja cha kawaida, kitie alama, na kila Jumapili kipeleke kwenye mizani ya dukani. Cha kwangu cha mkaratusi kilikuwa na kilo 2.4 mwanzoni mwa Juni, masika yalipokwisha. Kilipungua haraka mwezi wa kwanza, kikapunguza mwendo, na kufikia mwisho wa Septemba kikasimama kwenye kilo 1.5 wiki tatu mfululizo, mwenye duka naye akiwa ameanza kuniulizia hali ya mgonjwa wangu. Kipande kisichopungua tena kimekwisha kulingana na hewa ya mahali pako, na wenzake wako tayari. Usipokuwa na mizani, gonga vipande viwili: vikavu hulia kama vijiti vya ngoma, vibichi hutoa sauti ya kiazi.

Andika mwezi na mwaka kwa mkaa kwenye uso wa kipande cha mwisho wa kila safu, ili vuli ikifika usitumie zilizokuja jana ukaziacha za Juni. Usiwashe moto ndani ya chumba kisicho na bomba la moshi, wala usilale na makaa chumbani, kwa kuwa hewa yake ya sumu haina harufu. Na jioni ya kwanza ya moto, weka kipande kimoja tu juu ya makaa, utazame ncha yake. Ikitoa povu na kufanya sauti ya kuchemka, kitoe kwa koleo kabla hakijaanza kufuka, ukizime nje, na kesho ukirudishe nyuma kabisa ya safu.